Endapo

Ofisini kwangu, Spring Bank, mjini Hull,
mvua inapiga kioo tangu saa mbili,
na ng'ambo ya barabara maduka matatu yamezibwa
kwa mbao zenye bango la wakala yuleyule,
nambari yake ya simu imepauka hadi sufuri ya mwisho.
La nne ndilo analolitaka Bi Nabintu.

Anataka kuoka mkate. Ameoka jikoni kwake miaka sita;
jirani wa juu alilalamikia harufu, kisha akaja kununua.
"Wewe niandikie tu karatasi," ananiambia.
Karatasi! Kurasa arobaini na moja, Mama,
na kila ukurasa una mlango wa kutokea
ambao mwenye jengo ameshautia kufuli.

Kifungu cha saba: pango litapitiwa kila mwaka wa tatu.
Litapanda. Kushuka hakukuandikwa,
kana kwamba pango ni moshi.
Bi Nabintu anafuata mstari kwa kidole, anacheka:
"Mkate wangu mwenyewe, saa kumi na moja jioni,
nauza nusu bei. Kwake yeye jioni haifiki?"
Nikampelekea wakili wao hoja ile
kwa lugha kavu, bila mkate, bila jioni:
pango lifuate soko, juu na chini.
Jibu likaja kwa maneno manne.
Haikubaliki. Tazama kifungu saba.

Shuleni tulikaririshwa -nge- na -ngali-
mpaka ulimi ukachoka.
Huku nimegundua -ngali- haina kazi mkatabani.
Hiyo ni ya korido za mahakama,
ya mtu aliyepakata bahasha la barua:
ningalijua, nisingalitia saini.
Riziki yangu mimi ni endapo.
Endapo boila itapasuka.
Endapo benki itamdai yeye kabla yeye hajatudai sisi.
Endapo mtaa mzima utahamia ndani ya simu
na miguu ya watu ikasahau njia hii.
Nani ajuaye bei ya mwaka wa tano?
Wakala hajui. Ana tai tu.

Alhamisi tulikwenda na kamera, tukapiga kila ufa,
tusije tukalipishwa unyevu tuliourithi.
Picha ya hamsini na mbili: fremu ya mlango wa nyuma,
mistari ya penseli, tarehe, na herufi G
ikipanda inchi kwa inchi, kisha ikakoma.
Bwana Garth Ellerby alisimama nyuma yetu na funguo.
"Mama aliuza sufu hapa," akasema. Basi.
Koti lake zuri limechakaa kwapani.
Miezi kumi na minne duka tupu,
kodi ya halmashauri mabegani mwake:
naye, kumbe, ana endapo zake.

Bi Nabintu hakuniuliza. Alimgeukia yeye
kwa Kiingereza chake cha vipandevipande:
mistari hii sitaipaka rangi. Andika.
Nawe andika chini.

Sitasema alilia. Alikohoa.
Jumatatu barua: pango laweza kushuka,
ila lina sakafu, na sakafu yenyewe
iko juu kuliko nilivyotaka.
Miezi mitatu bure. Ruhusa ya kujitoa mwaka wa tatu,
kwa sharti tuliache duka tupu kabisa.
Nilishamwona mtu akinaswa miaka mingine mitano
kwa rafu moja aliyoisahau ukutani.
Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: hata msumari, Mama.

Leo ametia saini, polepole, herufi zote za jina,
akapuliza wino kama anayepoza uji.
Kisha akauliza tanuri lake litakuwa na uzito gani
endapo siku moja itabidi kulibeba.

Nikafungua tena ukurasa wa kwanza.
Juu ya tanuri sikuwa nimeandika neno.